Kumhurumia Ng'ombe, Kuihifadhi Hewa

Katika mijadala ya mabadiliko ya tabianchi, ng'ombe amekuwa mshitakiwa asiye na wakili. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2013 kuwa mifugo ya dunia nzima, pamoja na malisho yake na shughuli zake zote, huchangia asilimia 14.5 ya gesijoto zitokanazo na matendo ya wanadamu. Na sehemu kubwa ya gesi hizo hutoka kwa ng'ombe, ambaye kwa kucheua kwake hutoa methani. Shitaka hilo ni la kweli. Lakini hukumu ipendekezwayo aghalabu, yaani kumpunguzia mfugaji kundi lake kwa amri na kwa nguvu, imekosa insafu, na kwa itikadi yangu imekosa hekima pia, kwa kuwa haiulizi mnyama yule anaishi katika hali gani.

Ng'ombe mwenye njaa, aswagwaye kutwa nzima kutafuta maji, mwenye kupe masikioni na minyoo tumboni, huchelewa kukua, huchelewa kuzaa, na maziwa yake huwa haba. Walakini kila siku ya uhai wake wa taabu hucheua majani makavu na kutoa methani bila ya faida kwa mwenyewe wala kwa mwenye kumfuga. Ndama akifa kwa ndigana kali, ugonjwa uenezwao na kupe, gesi yote iliyotolewa na mama yake katika miezi 9 ya mimba imekwenda bure. Naye mfugaji, akiisha kuzoea vifo, huongeza idadi ya kundi ili ukame ukija abakiwe na chochote. Kwa hiyo josho lenye dawa ya kutosha, na chanjo ya ndigana kali iliyobuniwa Muguga nchini Kenya, ni kinga ya hewa kama vilivyo kinga ya ndama.

Ushahidi tunao nyumbani Tanzania. Wasukuma wa Shinyanga tangu kale walikuwa na desturi ya ngitili: eneo la malisho hufungwa masika, majani na miti yakaachwa yakue, kisha likafunguliwa kiangazi kwa ajili ya ndama, maksai, ng'ombe wakongwe na wagonjwa, wale wasioweza kufuatana na kundi katika machungo ya mbali. Tazama jinsi sheria ya hifadhi ya ardhi ilivyojengwa juu ya huruma kwa mnyama dhaifu! Enzi ya ukoloni misitu ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, kilimo cha pamba kikapanuka, na watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970 ngitili nyingi zikatoweka, hata mkoa ule ukaanza kuitwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, na mradi huo ukafanya jambo ambalo wataalamu hulifanya kwa nadra, nalo ni kuwarejea wazee na kuwauliza walivyokuwa wakifanya. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa majani na miti, ambayo mizizi na mashina yake huhifadhi kaboni ardhini, na chini yake ndama hupata kivuli.

Sisemi kwamba kila ngitili ina uadilifu. Wenye mifugo mingi walijipatia maeneo makubwa kuliko maskini, na hilo lataka marekebisho. Wala sioni sababu ya kuiga mabanda ya nchi tajiri, ambamo wanyama hufungwa bila ya kuona jua na hulishwa soya ambayo baadhi yake hulimwa Brazili palipokuwa msitu.

Huruma hiyo yapaswa kufika hadi barabarani pia. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, ilhali ng'ombe wangali wakisongamanishwa malorini kutoka bara hadi mnada wa Pugu jijini Dar es Salaam, wakifika wamekonda na wengine wamevunjika miguu, na nyama iliyogharimu miaka ya majani na maji ikapotea njiani.

Madiwani na wabunge wa mikoa ya wafugaji, nawasihi mambo matatu katika bajeti ijayo: ngitili zipimwe na kupewa hati kabla hazijagawanywa kuwa mashamba, majosho mabovu yatengenezwe, na lori la ng'ombe lisiruhusiwe kuondoka katika minada ya huko bara kabla ya afisa mifugo kulikagua.