Sheria yamwacha njiani mnunuzi wa gari la umeme

SUALA la iwapo mtengenezaji wa magari ya umeme anafaa kumuuzia mwananchi moja kwa moja, bila kupitia kwa wakala, limezua mvutano nchini Marekani kwa zaidi ya mwongo mmoja. Nchini Kenya mjadala huo haujapamba moto. Hata hivyo, wakazi wa Nakuru na maeneo ya kati ya Bonde la Ufa wana kila sababu ya kuufuatilia.

Katika karne iliyopita, majimbo ya Marekani yalitunga sheria za kuwakinga mawakala dhidi ya ubabe wa viwanda vikubwa. Wakala aliyetumia mali yake kujenga duka na gereji alihofia kwamba kiwanda kingefungua duka jirani na kumfilisi.

Kinga hiyo iligeuka kuwa ukuta pale kampuni ya Tesla, isiyo na wakala hata mmoja, ilipoanza kujiuzia magari yake. Kinaya kikubwa kiko Texas. Tesla ilihamishia makao yake makuu huko mwaka wa 2021 na kufungua kiwanda mwaka uliofuata, ilhali sheria ya jimbo hilo imeinyima idhini ya kuuza magari kama wauzaji wengine. Katika jimbo la New Mexico, kampuni hiyo ililazimika mwaka wa 2021 kufungua duka katika ardhi ya jamii ya wenyeji wa asili ya Nambé, ambako marufuku ya jimbo hayakuifikia.

Kenya haina ukuta kama huo. Mtengenezaji yuko huru kuuza mwenyewe au kupitia kwa wakala, na njia zote mbili zinatumika. Kampuni ya Roam, iliyoanzishwa mwaka wa 2017 kwa jina Opibus, huunda pikipiki za umeme jijini Nairobi na kuziuza yenyewe. BasiGo, ambayo mabasi yake yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka wa 2022, ilibuni mpango ambapo mwenye matatu hulipia betri kulingana na kilomita anazosafiri. Kwa upande mwingine, magari ya BYD kutoka Uchina yaliletwa nchini kupitia kwa CFAO.

Kumwondoa wakala kunaweza kushusha bei, na hilo ni jambo la maana kwa mhudumu wa bodaboda. Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda. Swali zito si nani anauza, bali ni nani atakayepatikana chombo kikiharibika.

Nakuru iko umbali wa kilomita 160 hivi kutoka Nairobi. Gari kuukuu la petroli kutoka Japani likikwama Njoro au Molo, fundi na vipuri havikosekani. Pikipiki ya umeme ikizima, hitilafu huenda imo katika programu ambayo fundi wa mtaani hana idhini ya kuifungua. Aidha, betri mara nyingi ni ya kukodi, na ya kampuni moja kwa kawaida haiingii katika pikipiki ya nyingine. Kampuni ikifunga virago, mhudumu atabaki na chuma kisichosonga na mkopo usiolipika.

Wala wakala si dawa ya kila ugonjwa. Mnamo Januari 2025, CMC Motors, iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakongwe wa magari nchini, ilitangaza kwamba ingefunga shughuli zake Kenya, Uganda na Tanzania.

Hatua nyingi za serikali zimelenga gharama. Mwaka wa 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaziondolea pikipiki na mabasi ya umeme mzigo wa VAT. Mwaka huo huo, mamlaka ya EPRA iliweka bei maalumu ya kuchaji ya Sh16 kwa kila uniti, na Sh8 nyakati ambazo matumizi ya umeme ni madogo.

Mnunuzi naye ameachiwa ulinzi wa jumla. Kipengele cha 46 cha Katiba kinampa haki ya bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Lakini sheria hizo hazikutungwa kwa kuzingatia betri ya kukodi wala programu iliyofungwa.

Ndiposa Kenya haina haja ya kuiga ukuta wa Texas. Inachohitaji ni sharti moja kwa kila muuzaji, awe kiwanda au wakala: asiuze mahali asipoweza kutengeneza. Awe na vipuri kwa miaka inayojulikana, awape mafundi huru maarifa na vifaa, na aeleze mapema betri itakuwa ya nani iwapo biashara itaporomoka.

Mvuke wa Olkaria, Naivasha, umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981. Itakuwa aibu ikiwa nguvu hizo zitokazo Nakuru zitaendesha magari ya Nairobi, huku mhudumu wa Molo akisukuma pikipiki yake kwa mkono akitafuta fundi.