Bumu Likikaribia Kuingia

Wanafunzi wengi wanaolewa chakari Ijumaa walikwisha kupanga tangu Jumatano: watakunywa wapi, na nani, hata kwamba watarudi hosteli alfajiri. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, limeingia, au UE, mitihani ya mwisho wa muhula, imekwisha, au mwaka wa kwanza wamefika na wenyeji wanataka kuwakaribisha. Siku hizo tunazijua sote. Wenye grosari jirani na chuo wanazijua kutuzidi, na kreti huziagiza mapema.

Kisha kuna meza. Marafiki wawili wakikaa na chipsi mayai, kila mmoja hunywa kadiri ya kiu yake. Wakiwa wanane na raundi zikaanza kuzunguka, heshima inataka kila mmoja atoe yake, basi hata aliyetosheka na chupa ya pili analetewa ya tano. Chupa moja ya nusu lita huhitaji saa mbili hivi au zaidi kutoka mwilini, na ini halijui zamu ya nani imefika.

Linaloniuma zaidi ni ukimya wa mezani: hakuna anayesema ametosheka. Mwaka 1993 wanasaikolojia Deborah Prentice na Dale Miller walichapisha utafiti wao wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Wanafunzi pale waliamini wenzao wameuridhia ulevi wa chuoni kuliko walivyouridhia wao wenyewe. Kila mmoja aliudhania wasiwasi wake kuwa wa peke yake. Naamini hapa Sinza, Dar es Salaam, nako wamo wengi wa namna hiyo.

Machi 2017 viroba, vile vifuko vya pombe kali, viliondolewa madukani kwa amri ya serikali ya Tanzania. Meza zetu hazihitaji amri, zinatuhitaji sisi. Wadogo zangu, bumu likiingia lipeni kwanza kodi ya geto, na kabla hamjatoka ambianeni waziwazi: mbili tu, saa nne tunarudi. Kila mtu aagize chake. Viongozi wa serikali ya wanafunzi, jioni ya kumaliza UE andaeni bonanza, muziki na nyama choma uwanjani, ili asiyetaka baa awe na pa kwenda. Wenye baa, leteni maji bila kuombwa. Wazazi, wapigieni watoto wenu simu jioni hiyo hiyo, wala msisubiri asubuhi.

Nanyi wa mwaka wa tatu, ambao wageni huwatazama kwanza kabla hawajaagiza: mmoja wao akiomba soda, mwagizieni soda, na msimuulize kwa nini.