Aliyeacha unga ana ujuzi, lakini kazi hapewi

Mwezi uliopita mama mmoja wa mtaani kwetu, hapa Kisauni, alinigongea mlango baada ya swala ya alfajiri. Kijana wake alikuwa na siku ya tatu hajagusa unga. Anatapika, jasho linamtiririka, na alikuwa akimwambia mamake amfungulie mlango la sivyo atajirusha kutoka juu. "Mwanangu, wewe ulipita huko. Njoo ukae naye."

Nilikwenda. Sikuwa na dawa wala mawaidha. Nilimwambia tu kwamba siku ya tatu ndiyo kilele cha arosto, na kwamba mimi pia niliwahi kulia hivyo hivyo sakafuni kwa mamangu. Saa mbili tukapanda matatu, sisi watatu, hadi kliniki ya methadoni akaanze utaratibu wa kusajiliwa. Mama hakuwa amemwita jirani mwingine yeyote, na nilimwelewa. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kinakwenda kinyume cha Katiba, mtu aliyejaribu kujiua na akanusurika aliweza kufunguliwa mashtaka. Hofu hiyo bado iko majumbani.

Wapwani wenzangu, nilichofanya asubuhi ile ni kazi inayosomewa na kulipwa kwingineko. Mwaka 1999, jimbo la Georgia kule Marekani lilikuwa la kwanza nchini humo kuwalipa wasaidizi rika kupitia bima ya afya ya serikali. Hao ni watu waliougua akili wenyewe, wakapata nafuu, wakasoma, wakafanya mtihani na kupewa cheti. Majimbo mengine yalifuata, na waliotoka kwenye ulevi na dawa za kulevya nao wakapata vyeti vyao. Tusiende mbali: Zanzibar, soba hausi nyingi zinaendeshwa na watu ambao wenyewe walikuwa watumiaji.

Hapa kwetu tumekuwa na waelimishaji rika kwa miaka mingi, wanaopita maskani kwa maskani. Lakini wengi walilipwa na miradi ya wafadhili. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, tulijifunza kwamba ajira inayotegemea sahihi ya mtu aliye Washington si ajira. Nawajua walioambiwa wasije kazini kesho yake.

Basi mtu akitaka kuajiriwa hapa hapa, kwa njia ya kawaida? Nilijaribu. Kituo kimoja, sitakitaja, kilitangaza nafasi ya kuwasaidia wanaopona. Tangazo lilisema mwombaji awe "amewahi kupitia uraibu". Nikafurahi, maana miaka tisa ya unga kumbe ina faida. Nikafika sehemu ya stakabadhi: cheti cha kidato cha nne na cheti cha tabia njema kutoka polisi. Mimi niliacha shule kidato cha pili kwa sababu ya unga. Mwaka 2011 nilihukumiwa kwa kupatikana na kete mbili, na hukumu hiyo hutokea kwenye cheti cha polisi kila ninapoweka alama za vidole. Walitaka mtu aliyezama, ila nguo zake ziwe kavu.

Wako watakaosema mimi najililia mwenyewe. Sawa, lakini tazameni ujuzi unaopotea. Kijana anayetoka Shimo la Tewa baada ya miezi sita bila unga, akirudia kipimo kile kile alichozoea zamani, anaweza kufa usiku huo huo, maana mwili umekwisha kusahau. Daktari analijua hilo. Ila daktari hatakuwa getini siku anapotoka, wala hajui atashukia steji gani na nani anamngoja pale. Sisi tunajua. Tunajua pia kwamba methadoni hunywewa kliniki kila siku mbele ya mhudumu, kwa hivyo anayekosa nauli anakosa dawa, na akikosa dawa mchana, jioni yuko maskani. Na kuna wanawake, ambao wengi hawathubutu kukanyaga kliniki kwa kuogopa macho ya watu. Hao wanamhitaji mwanamke mwenzao aliyepitia hayo, si mimi.

Simaanishi kila aliyeacha apewe kazi. Namkumbuka mwenzetu aliyetumwa peke yake kwenye maskani ile ile alikokuwa akivutia, mwezi wa nne tu tangu aache. Wiki chache baadaye alikuwa mteja tena. Na wapo wanaotoa siri za watu barazani. Ndiyo maana nataka mafunzo, tena magumu: kutunza siri, kujua lini mtu apelekwe hospitali, kujua sauti anazozisikia mgonjwa ni kazi ya daktari wa akili na si ya msaidizi rika. Kuwe na muda maalumu wa kupona kabla ya kuajiriwa, na msimamizi wa kumwangalia msaidizi mwenyewe.

Njia si ngeni. Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja wana mikoba ya vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Wenyewe hulalamika kwamba huchelewa, lakini wamo kwenye bajeti. Sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 nayo imezipa kaunti jukumu la huduma hizi hadi katika jamii. Kaunti zetu zinaweza kuanza na wasaidizi wachache kwenye kliniki za methadoni zilizopo, kama za Kisauni na Malindi. Zipime hukumu ya mwombaji kwa kosa lenyewe na miaka iliyopita: kete mbili za 2011 si sawa na aliyemkata mtu panga mwaka jana. Na badala ya cheti cha kidato cha nne, uwepo mtihani wa mafunzo yenyewe, kwa Kiswahili.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kabla ya Aprili 30, na wananchi huitwa kutoa maoni. Kikao cha wadi yetu kikiitwa nitakwenda. Yule mama ameniambia tutakwenda pamoja, kijana wake akiwa na nafuu ya kuachwa peke yake.