Adui, Jitu au Mjakazi? Maoni kuhusu Kumtaja Mwanamke Anayemtumikia Nduli

Katika vibanda vya video vya Ukonga, kama ilivyo kwingineko jijini Dar es Salaam, filamu ya kigeni huwa na wahusika wawili tu wenye uzito: stelingi na adui. Stelingi ni yule asiyekufa. Adui ni yule ambaye kufa kwake huwafanya watazamaji wainuke waende zao. Istilahi hizi hazikupitishwa na kamati yoyote. Ya kwanza ilitoholewa kutoka Kiingereza ikabadilika umbo na maana kiasi kwamba msemaji wa leo hana haja ya kuijua asili yake. Ya pili ni neno kongwe lenye asili ya Kiarabu. Zote mbili hazibagui jinsi. Kiingereza humwongezea adui wa kike kiambishi cha kumtofautisha na wa kiume. Kiswahili humwita adui, basi.

Faida hii, hata hivyo, huleta swali lake anapojitokeza mhusika kama Proxima Midnight. Alibuniwa na mwandishi Jonathan Hickman na mchoraji Jerome Opeña mwaka 2013 katika vitabu vya katuni vya Marvel, na mwaka 2018 akaingizwa katika filamu ya Avengers: Infinity War. Ni mpiganaji wa mkuki na mmoja wa makamanda wa Thanos, mbabe wa vita atokaye anga za mbali ambaye azma yake ni kuangamiza nusu ya viumbe vyote vyenye uhai. Katika filamu hiyo mwanamke huyu hana ufalme wake wala kisasi chake. Kila anayemuua, anamuua kwa niaba ya mwingine. (Jina lake lina tamu yake: Proxima ni umbo la kike la neno la Kilatini lenye maana ya aliye karibu zaidi, na Midnight ni usiku wa manane. Mfasiri jasiri angeweza kumwita Bibi Manane, na kibanda kizima kingemwelewa.)

Kumpatia Thanos neno si kazi ngumu. Watanzania wanalo neno nduli, ambalo wakati wa vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, liliambatana na jina la Iddi Amin hata likawa kama sehemu ya jina lenyewe. Wanayo pia jitu, dhalimu, na hilo mbabe wa vita ambalo vyombo vya habari vimelizoesha masikio. Ugumu uko kwa yule anayesimama nyuma ya nduli. Mfasiri aliyeshika kipaza sauti, akiwa na nukta chache tu kabla mkuki haujarushwa, anaweza kumwita jemadari, askari, mtumishi, kibaraka, jikedume au mjakazi. Kila neno linatoa hukumu yake.

Tuanze na upatanisho wa kisarufi, kwani ndipo hukumu hiyo inapojificha. Mfasiri akisema “jitu lile limerusha mkuki”, kiambishi li- kimemtoa mhusika katika ngeli ya watu. Akisema “mwanamke yule amerusha mkuki”, a- kimemrudisha. Wanasarufi wamezoea kulieleza jambo hili kuwa ni suala la ukubwa na udogo, au la dharau na mapenzi. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi. Kinachobadilika ni haki ya mhusika ya kuulizwa sababu. Hakuna amwulizaye radi kwa nini imepiga; anayeulizwa ni mtu. Msikilizaji aliyepewa li- tangu mwanzo hatarajii sababu, na asipopewa haikosi.

Kwa Proxima Midnight huenda hasara ni ndogo, maana watunzi wa filamu wenyewe hawakumpa sababu. Lakini Thanos anao watumishi wengine wa kike. Gamora, aliyebuniwa na Jim Starlin mwaka 1975, na Nebula, wa Roger Stern na John Buscema, 1985, wanaelezwa katika filamu kuwa ni watoto waliochukuliwa na Thanos na kulelewa kwa ajili ya vita. Alikuwa akiwashindanisha wao kwa wao, na kila Nebula aliposhindwa, kiungo chake kimoja kilitolewa na mahali pake kikawekwa mtambo. Mtazamaji wa mwaka 2014 alimwona Nebula kuwa adui mtupu. Simulizi ya mateso yake ilikuja mwaka 2017, na kufikia 2019, katika Avengers: Endgame, amekwisha kuwa upande wa akina stelingi. Mfasiri aliyemwita jitu mwaka 2014 alilazimika kuibadili sarufi yake njiani. Aliyemwita binti wa Thanos hakuwa na la kubadili.

Liko jambo jingine ambalo halijaangaliwa ipasavyo. Kiswahili, ambacho hakioni haja ya kutenganisha jinsi katika adui, jemadari, askari na nduli, hutenganisha bila kusita kinapofika katika utumwa: mjakazi ni mwanamke, mtwana ni mwanamume, na suria hawezi kuwa mwanamume. Mwanamke hupotea katika msamiati wa madaraka, kisha huonekana waziwazi katika msamiati wa kumilikiwa. Kwa hiyo mfasiri anayetaka watazamaji wakumbuke kwamba kamanda huyu ni mwanamke, huvutwa na lugha yenyewe kuelekea mjakazi au kijakazi, ingawa mwenye kuitwa hivyo ameshika mkuki na anaongoza kikosi. Hapa “kamanda wa kike” ni bora, hata kama halina utamu wa neno moja.

Watakuwapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya watoto, tena ya kigeni. Afrika Mashariki ina sababu ya kutosema hivyo. Usiku wa tarehe 10 Oktoba 1996 waasi wa LRA waliwateka wasichana 139 kutoka shule ya Aboke, kaskazini mwa Uganda. Wengi walirudishwa baada ya mwalimu wao kuwafuata waasi porini. 30 walibaki mikononi mwao. Msichana wa namna hiyo, baada ya miaka kadhaa, angeweza kutajwa katika habari moja kuwa mateka, katika nyingine kuwa mke wa kamanda, na katika ya tatu kuwa mwasi, naye ni yuleyule. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipomtia hatiani Dominic Ongwen tarehe 4 Februari 2021, ilikuwa imekabiliwa na swali la mtu aliyetekwa akiwa mtoto kisha akawa kamanda. Majaji walikuwa na miaka ya kulitafakari. Mfasiri wa Ukonga ana nukta mbili, na wanaomsikiliza ni wengi wao vijana.

Wala ugeni wenyewe si mkubwa kama unavyodhaniwa. Mwaka 1971 vitabu vya Batman vilileta adui aitwaye Ra's al Ghul na binti yake Talia, anayevutwa huku na baba na huku na mpenzi. Jina hilo ni la Kiarabu, na mzee wa mwambao angelitambua mara moja: Mgeni bin Faqihi alimtungia Rasi ’lGhuli utenzi wenye beti zaidi ya elfu nne, ambao Tanzania Publishing House iliuchapisha mwaka 1979 kwa uhariri wa Leo van Kessel. Msamiati wa jitu, jemadari na wapiganaji wake umekuwamo katika tendi muda mrefu kabla ya Marvel. Ajabu ni kwamba idara zinazofundisha tendi hizo haziwafundishi wanafunzi wake kusikiliza kibanda kilicho mtaa wa pili.

Ufundi wa kufasiri filamu kwa mdomo umepata wachunguzi wachache. Matthias Krings, mwanaanthropolojia wa Ujerumani, amemwandikia Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, kurasa nyingi kuliko zile zilizoandikwa kwa Kiswahili juu yake. Kenya inaye DJ Afro, na Uganda ina mafundi wake waitwao VJ. Kanda za VHS zilizobeba sauti za awali zinaoza, na santuri zilizozifuata zinakwaruzika. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetafuta mada angeweza kukusanya tafsiri tatu au nne za filamu moja, akanukuu kila mahali adui wa kike anapotajwa, kisha akahesabu li- ni ngapi na a- ni ngapi, na zinabadilika katika tukio gani. Kazi hiyo haihitaji ruzuku kutoka ng'ambo. Inahitaji nauli ya daladala hadi Ukonga, kinasa sauti, na msimamizi asiyeona aibu kutia sahihi pendekezo lenye neno stelingi katika anwani yake.