Mtoto Amejifunza Nini Mwaka wa Kwanza?

Jioni moja ya mwezi wa Februari, mkulima mmoja alimwita mwanawe aliyeingia darasa la kwanza Januari, akamwuliza siku ile wamefundishwa nini. Mtoto akajibu kwamba walihesabu punje za mahindi, wakaimba, kisha wakatoka nje kutazama mawingu. Baba akakunja uso. "Mahindi yamejaa ghalani," akasema, "na mawingu nayaona kila siku bila kununua sare." Mama alikuwa jikoni, alisikia, lakini hakusema neno.

Manung'uniko ya baba huyo husikika katika nyumba nyingi, za wakulima na za makarani pia, wala si ya kudharauliwa. Wazazi waliosoma chini ya mtaala wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, walizoea kuona daftari limejaa hesabu na alama nyekundu za mwalimu. Mtaala ulioanza katika madarasa ya chini Januari 2019 ulileta masomo tisa. Mwaka 2024 yakapunguzwa yakawa saba, nayo ni Kiswahili, Kiingereza, lugha ya mama, hesabu, mazingira, dini, na sanaa pamoja na michezo. Kila kipindi ni dakika 30. Mzazi asomapo orodha hiyo hudhani mtoto wa miaka sita ametwishwa mzigo wa punda. Lakini punje zile zile huhesabiwa katika hesabu, hutajwa kwa Kiswahili, hubandikwa kwenye picha, na katika mazingira huwa chakula kisicholiwa kabla ya kunawa mikono. Mtoto haoni masomo saba, aona mahindi.

Kuna kuimba namba, na kuna kuhesabu, na mambo hayo mawili yako mbalimbali sana. Watoto wengi hufika shuleni wakiimba moja hata kumi bila kukosa, nao hawajui saba ni kiasi gani. Mzazi aweza kujionea mwenyewe: apange punje saba katika mstari, karibu karibu, mtoto azihesabu; kisha azitawanye mbele ya macho yake na kumwuliza sasa ni ngapi. Asiyefahamu bado atasema zimeongezeka, kwa kuwa zimechukua nafasi kubwa, au ataanza kuhesabu upya. Anayeijua saba atamshangaa mzazi wake kwa kuuliza.

Baada ya hayo huja makumi. Mwalimu hufunga vijiti kumi kumi kwa uzi. 23 ni mafungu mawili, na vijiti vitatu pembeni. Jambo hili laonekana dogo, kumbe hesabu zote za baadaye hulitegemea. Mtoto asiyeelewa kwa nini ile 2 ya kushoto ni ishirini atakuja kujumlisha kwa kubeba tarakimu asizojua zimetoka wapi, na baba atasema hana akili ya hesabu. Fedha nazo hufundishwa, na hapa sarafu zilizotolewa mwaka 2018 ni msaada mkubwa: ya shilingi moja ina twiga, ya tano kifaru, ya kumi simba, ya ishirini ndovu. Mtoto anayetumwa kununua chumvi na kurudi akisema amerudishiwa simba wawili amekwisha kufanya hesabu ya siku.

Somo linalobishaniwa zaidi ni lugha ya mama. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza darasa la kwanza hata la tatu yafundishwe kwa lugha ya mahali shule ilipo. Na mjini, penye watoto wa makabila mengi, Kiswahili hushika nafasi hiyo. Hata hivyo ziko shule ambako kipindi hicho huliwa na Kiingereza, na wazazi hufurahi. Hawafikiri vema. Mtoto anayelijua neno kwa sikio, akiliona limeandikwa, hukutana na rafiki. Neno asilolijua hulisoma kama kasuku, hata akilitamka sawasawa.

Na kusoma ndiyo kazi kubwa ya mwaka mzima. Kiswahili kina fadhili kwa mwanafunzi: m ikikutana na a ni ma, leo na kesho. Kiingereza si hivyo, kwani a moja ina sauti nyingi, na mtoto hawezi kujua ipi mpaka azoee. Kosa la nyumbani ni kumfundisha majina ya herufi badala ya sauti zake. Mtoto asemaye "em" kisha "a" hataipata ma hata akirudia mara mia. Tena wakati haumngoji: sheria ya elimu ya mwaka 2013 hairuhusu mwanafunzi kuzuiliwa darasani, basi atapanda la pili ajue kusoma asijue, na huko hata hesabu huandikwa kwa maneno.

Jumamosi mtoto wa yule mkulima alileta kitabu, akasoma ukurasa mzima bila kusita, na baba akataka kuwaita majirani. Mama akaketi karibu nao. Akafunika picha ya ng'ombe kwa kiganja, akaweka kidole juu ya neno moja la katikati. Mtoto akanyamaza. Ukurasa wote alikuwa ameukariri kwa kuwasikiliza wenzake.

Jumatatu baba alikwenda shuleni. Hakuuliza mwanawe ni wa ngapi. Aliuliza ni sauti zipi ambazo bado hazijui. Mwalimu akafungua daftari lake akamwonyesha: b na d humchanganya, na nya hajaipata kabisa. Jioni ile baba alitoa konzi ya mahindi ghalani, akazipanga punje juu ya meza zikawa b, akazipanga nyingine kando yake zikawa d, kisha akamwita mwanawe.