Waulizeni Wanaobadilisha Shuka

Utafiti kwenye nyumba za wazee hapa kwetu huja na gari asubuhi na kuondoka kabla ya chakula cha jioni. Mtafiti ana hojaji, ana kibali, ana kijana wa kumshikia kinasa sauti. Mhudumu anaitwa kando na kuulizwa kama wazee wanalala vyema: ndiyo, hapana, wakati mwingine. Anapewa nauli na soda. Miezi kadhaa baadaye kuna warsha hotelini Naivasha, na yeye yuko zamu. Kwenye ripoti yumo ndani ya maneno "wafanyakazi wote walioshirikiana nasi."

Wacha niseme wazi. Utafiti kuhusu malezi ya wazee uanze na wale wanaowalea. Wao wachague swali, walipwe saa za kulitafutia jibu, na majina yao yaandikwe pale juu pamoja na ya madaktari.

Mhudumu anajua vitu ambavyo hojaji haiwezi kuuliza. Anajua huyu anakataa uji kwa sababu kikombe ni kizito kwa mkono uliopooza, ingawa faili inasema hana hamu ya chakula. Anajua yule huamka saa tisa usiku kutafuta ng'ombe aliouza zamani, na kwamba ukimwambia hakuna ng'ombe atapiga kelele hadi asubuhi, lakini ukimuuliza walikuwa wangapi, atahesabu na kutulia.

Kujua hivyo bado si utafiti, nakubali. Ni dokezo tu. Inakuwa utafiti pale mtu anapohesabu. Wazee wanaanguka saa ngapi zaidi? Weka daftari miezi miwili. Ukiona wengi wanaanguka alfajiri wakielekea choo, weka taa kwenye njia hiyo, kisha uhesabu tena miezi miwili. Kazi hii haihitaji digrii tatu. Inahitaji nidhamu, mtu wa kukusaidia na takwimu, na muda.

Kama unadhani naota, kuna Doreen Norton. Alikuwa muuguzi Uingereza, na swali lake lilitoka kitandani: mbona wazee wanaolala upande mmoja muda mrefu wanatoka vidonda, na nini hasa kinavizuia? Enzi hizo wodi zilikuwa zimejaa losheni na marhamu za kupaka. Mwaka 1962, yeye na wenzake wawili walichapisha utafiti walioufanya hospitalini kwa wazee, na jibu likawa kumgeuza mgonjwa mara kwa mara. Walitoa pia kipimo cha mambo matano: hali ya mwili, hali ya akili, kutembea, kujigeuza, na kushindwa kuzuia haja. Kipimo hicho bado kinafundishwa na kinabeba jina lake.

Mjini Maastricht, Uholanzi, tangu 1998 chuo kikuu na mashirika ya kulea wazee yamefungana kikazi. Mtafiti wa chuo anafanya kazi siku moja kwa wiki ndani ya shirika, na shirika nalo lina mtu wake wa kupeleka maswali ya wafanyakazi chuoni. Ni mpango wa kawaida tu, na sioni kinachozuia chuo cha Nairobi au Eldoret kuanza na nyumba moja.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: hawana masomo. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo najua mlango unavyofungwa ukikosa barua yenye muhuri. Lakini masomo ya kuhesabu kuanguka yanafundishika. Macho ya mtu aliyekaa na mzee miaka sita, hayo huwezi kuyapeleka semina.

La pili lina uzito: je, mhudumu atafichua ubaya wa mahali anapolipwa? Hapo ndipo shida iko. Akiandika kwamba nepi hazitoshi na wazee wanakaa na maji hadi mchana, anaweza kufutwa mwisho wa mwezi. Kwa hivyo anahitaji mkataba unaomlinda kabla ya kupewa daftari. Bila huo, tutapata takwimu za kumfurahisha mwenye nyumba.

La tatu: wazee wenyewe je, hasa walio na dimensia? Leseni ya NACOSTI na kamati ya maadili zibaki palepale, bana. Mzee si shamba la majaribio. Ninachotaka ni njia ya mhudumu kufika mbele ya kamati hiyo, na chuo kishirikiane naye bila kumnyang'anya swali lake.

Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema mzee aishi kwa heshima na apate malezi ya kutosha kutoka kwa familia na serikali. Kupitia Inua Jamii, serikali huwapa waliosajiliwa, wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Sasa niambie, nani anapima kama huyo mzee anageuzwa usiku? Wakati huohuo, mwaka 2021 tulitia saini mkataba wa kupeleka wahudumu wa afya Uingereza. Nchi hiyo ikafungulia wahudumu wa nyumba za wazee viza Februari 2022, kisha Julai 2025 ikawafungia waombaji wapya kutoka nje. Tunapeleka mikono ng'ambo, kisha tunasubiri ng'ambo watutumie matokeo ya utafiti.

Kwa hivyo, wafadhili: bajeti yenu ijayo iwe na mstari wa saa za wahudumu, pamoja na malipo ya anayeshika zamu yao. Vyuo: tumeni mtu akae. Wenye nyumba: toeni saa mbili kwa wiki na mwandike kwamba hakuna atakayefutwa kwa alichokihesabu. Na wewe uliyempeleka shosho huko, Jumapili ukienda kumwona, muulize mhudumu ni swali gani angependa lijibiwe. Kisha mfuate meneja na umuulize mbona bado halijaulizwa.