Mateka wa Limburg asihukumiwe kwa neno moja

Neno 'msaliti' ni jepesi kulitamka, lakini ni zito kulithibitisha. Anayelitumia huwa ameshaamua kwamba mshtakiwa alipaswa kumtii bwana mmoja tu. Je, mwenye mabwana wawili tumwite nani?

Swali hili liliwakabili wanajeshi wa Ireland waliotekwa na Wajerumani mwaka 1914. Baadhi yao, wa kikosi cha Royal Munster Fusiliers, walishikwa Étreux, Ufaransa, tarehe 27 Agosti, baada ya kumzuia adui kutwa nzima ili wenzao wapate kurudi nyuma. Walivaa sare ya Uingereza, na nchi yao ilitawaliwa na Uingereza hiyo hiyo.

Wajerumani waliwakusanya mateka wa Ireland zaidi ya 2,000 katika kambi ya Limburg. Mwezi Desemba aliwaendea Roger Casement, ambaye ripoti yake ya 1904 ilifichua ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold nchini Kongo. Aliwataka wajiunge na kikosi cha kupigania uhuru wa Ireland kwa msaada wa Ujerumani. Wengi walimzomea. Waliokubali hawakufika hata 60.

Wapo wazalendo wanaowaona waliokataa kuwa vibaraka wa mkoloni. Sikubaliani nao. Mateka yule alikuwa nyuma ya seng'enge, kiapo alikwisha kula, na anayemshawishi alikuja kwa idhini ya aliyemfunga. Hiari gani hiyo? Tena, makoplo na masajini wao walikwisha kuwaandikia Wajerumani kukataa upendeleo wowote ambao mateka wengine hawakupewa. Kibaraka hakatai upendeleo.

Wala sikubaliani na wanaowaita wale wachache wasaliti. Mmoja wao, Daniel Bailey, alitua pwani ya Kerry pamoja na Casement mwezi Aprili 1916, wakakamatwa na kushtakiwa kwa uhaini. Dhidi ya Bailey upande wa mashtaka haukutoa ushahidi, akaachiliwa. Casement alinyongwa London tarehe 3 Agosti. Hata mahakama ya Mwingereza, basi, haikuwapima kwa mizani moja.

Babu zetu wa Afrika Mashariki walipigana wao kwa wao katika vita hivyo hivyo, huku wengine wakiwa chini ya bendera ya Uingereza na wengine ya Ujerumani. Hatuwaiti wasaliti. Basi, kabla ya kumbandika mateka jina, tuulize kwanza ni nani aliyeshika ufunguo wa kambi.